LineageOS, /e/OS, GrapheneOS au Ubuntu Touch: upi unafaa simu yako hapa Uganda?

Mwezi uliopita dada yangu alinipigia toka Bombo, ananiambia tableti ya watoto imekuwa nzito kama jiwe, ukigusa inaganda, na haijapata apdeti yoyote muda mrefu, kwa hiyo anatafuta pesa anunue nyingine. Nikamwambia dada subiri kwanza, usiiuze, hiyo ni Samsung Galaxy Tab A7 ya 2020, ilitoka na Android 10, Samsung wakaifikisha Android 12 wakaiacha hapo, lakini skrini nzima, betri nzima, kilichochoka ni mfumo tu na mfumo unabadilishwa.

Basi maneno yakaenea nyumbani. Mzee akataka kujua kama simu yake nayo inaweza kufanyiwa hivyo, mdogo wangu aliye chuo Kampala akaanza kuniuliza habari za GrapheneOS, jirani naye akaja na Tecno yake mkononi. Nimejibu maswali yaleyale mara nyingi mpaka nikaona niandike yote mahali pamoja, nilinganishe hii mifumo ya chanzo huria kwa jicho la mtu anayeishi hapa, sababu maelezo mengi utakayokutana nayo yanamfikiria mtu wa Ulaya, analipa kwa kadi, waifai iko nyumbani usiku na mchana. Hayamfikirii mtu anayenunua bando la siku na kutuma pesa kwa *165# ya mobile money.

Chanzo huria maana yake msimbo wa mfumo, yale maandishi yanayouunda, uko wazi, yeyote anaweza kuusoma, kuubadilisha na kuugawa. Android yenyewe mzizi wake uko hivyo, unaitwa AOSP. Ila juu ya ule mzizi Google wanaweka vitu vyao vilivyofungwa, yaani Play Store, Play Services (huduma za nyuma ambazo apu nyingi zinazitegemea), Ramani na vingine, alafu kampuni ya simu nayo inaongeza vyake, zile apu hukuziomba na hazifutiki. LineageOS, /e/OS na GrapheneOS zinauchukua ule mzizi na kuachana na mengi ya juu. Ubuntu Touch ni ukoo mwingine, hiyo ni Linux ya kompyuta iliyoletwa kwenye simu.

Utegemee nini? Simu inakuwa nyepesi, unapata apdeti za usalama hata kama kampuni ilishakusahau, na hamna matangazo ndani ya menyu. Usitegemee dhamana, wala namba ya kupiga ukikwama, sababu wengi wa wanaotengeneza hivi vitu wanajitolea baada ya kazi zao. Na usitegemee kila apu ya benki ikukubali, hapo ntarudi.

Anza na simu uliyonayo

Hapa ndipo watu wengi wanakosea. Anasoma sifa za mfumo, anaupenda, alafu anagundua simu yake haimo. Mfumo wa simu sio kama wa kompyuta, huwezi kuchukua faili moja ukaweka popote, kila modeli inahitaji toleo lake lililotengenezwa na mtu mwenye modeli hiyohiyo mkononi.

Jirani yangu na Tecno yake nilimwambia ukweli, Tecno, Itel na Infinix, simu ambazo ndizo zimejaa mikononi mwetu, hazimo kwenye orodha rasmi ya LineageOS. Sio kwamba watu wanazidharau. Nyingi zinatumia chip za bei ya chini za MediaTek na Unisoc, na vile vipande vya msimbo vinavyomwezesha mtu wa nje kuiwasha kamera au modemu, kile kinachoshika mtandao, havipatikani wazi. Kuna njia ya faili la jumla linaloitwa GSI, lilikuja na mabadiliko ya Android 8 mwaka 2017, na fundi atakuambia anaweza kulijaribu, ila kama hiyo ndiyo simu yako pekee mi nakuomba usiguse. Ukiamka kesho simu haisomi laini, na biashara yako yote iko kwenye laini.

Zinazoingia vizuri ni Samsung nyingi za zamani kidogo, Xiaomi, Motorola, OnePlus, Sony, na Pixel za Google. Lakini kuwa kwenye orodha ni nusu ya safari, nusu ya pili ni butiloda, ule mlango wa kwanza simu inaupita ikiwaka. Lazima ufunguke. Xiaomi wanataka ufungue akaunti yao na mara nyingi usubiri siku kadhaa kabla hawajakuruhusu. Huawei waliacha kutoa namba za siri za kufungulia tangu 2018, kwa hiyo ukiona Huawei ya bei poa usiinunue kwa kazi hii. Samsung ukiifungua kuna alama ya Knox, ulinzi wa Samsung wenyewe, inaungua ndani kabisa, hairudi hata ukirudisha mfumo wa zamani, na vitu vyao kama Samsung Pay na folda ya siri vinakufa moja kwa moja.

Hili la butiloda lilinigharimu. Nilinunua Pixel ya mtumba duka moja mjini, safi, bei nzuri, muuzaji ananihakikishia "boss hii iko wazi kila laini". Laini ilisoma kweli. Kufika nyumbani kuingia kwenye chaguo za wasanidi programu, kile kitufe cha kuruhusu kufungua butiloda kimefifia, hakibonyezeki kabisa. Simu kuwa wazi kwa laini zote na butiloda kufunguka ni vitu viwili tofauti, na Pixel zilizouzwa na baadhi ya mitandao ya Marekani zimefungwa hapo milele. Kwa hiyo ukiwa bado dukani, kabla hujatoa pesa, unganisha simu na intaneti, nenda kwenye mipangilio, kuhusu simu, gusa nambari ya muundo mara 7, rudi kwenye chaguo za wasanidi, angalia "OEM unlocking". Kikibonyezeka, lipa. Kisipobonyezeka mwambie muuzaji asante, weka simu mezani uondoke. Na risiti uchukue, simu za wizi ni nyingi.

LineageOS na /e/OS

Hizi mbili naziweka pamoja sababu ya pili imejengwa juu ya ya kwanza.

LineageOS ilizaliwa Desemba 2016 pale CyanogenMod, mfumo uliotangulia, ilipofungwa, wale wajitoleaji wakachukua msimbo wakaendelea chini ya jina jipya. Ina simu nyingi kwenye orodha yake na kwa mtu wa hapa naiona ndiyo ya kuanzia. Inakuja tupu, huna Play Store, huna akaunti ya Google, na wewe ndo unaamua. Unaweza kubaki hivyo ukatumia F-Droid, lile duka la programu huria lililoanza 2010, ambapo unapata Organic Maps ya ramani bila intaneti, VLC, Kiwix ya kusoma Wikipedia ukiwa ofulaini. WhatsApp unaichukua kwenye tovuti yao wenyewe na inaingia bila shida, meseji zinafika, kinachokosekana ni bekapu ya kwenye Google Drive tu, inabaki ile ya ndani ya simu. Ukitaka Play Store unaongeza kifurushi kinachoitwa MindTheGapps, ila sikiliza hili vizuri, unakiweka siku hiyohiyo ya kuflashi, yaani kuweka mfumo mpya, KABLA simu haijawaka mara ya kwanza kwenye LineageOS. Ukisahau ukaiwasha kwanza utalazimika kufuta kila kitu uanze upya, na hapo bando lishakwenda.

Lugha ya Kiswahili imo ndani. Kwetu Bombo, nyumba ambazo Kiswahili ndo lugha ya jikoni, kumuona mama mkubwa anasoma mwenyewe mipangilio ya simu bila kuita mtoto ni kitu kilichonigusa sana.

/e/OS inatoka Ufaransa, aliyeianzisha ni Gaël Duval, yuleyule wa Mandrake Linux ya zamani. Wao wamechukua LineageOS wakaweka microG, programu huria inayojifanya Play Services ili apu zisilalamike, pamoja na duka lao App Lounge linalokuonyesha kila apu inakufuatilia kiasi gani, na kitufe cha kuficha ulipo. Yaani ulichokuwa utengeneze mwenyewe kwa jioni mbili kwenye LineageOS, hapa umepikiwa. Kwa mtu asiyetaka kuchimbachimba hii inamfaa zaidi. Ubaya ninaouona ni kwamba apdeti za usalama huwa zinachelewa nyuma ya LineageOS, na mimi nikipima, kuchelewa huko kunaniuma kuliko ule urahisi unavyonifurahisha. Wengine watapima tofauti, sina ugomvi nao.

Udhaifu wao wa pamoja useme wazi. Kwenye simu nyingi butiloda inabaki wazi baada ya kazi. Data yako imefungwa kwa PIN, sawa, lakini mtu akiishika simu mkononi mlango wa kwanza hauna mlinzi. Na vile vipande vilivyofungwa vya kampuni, modemu na chip, LineageOS haiwezi kuvitengeneza, kampuni ikiacha kuvileta vimebaki vya zamani hata kama Android juu ni mpya kabisa. Bado ni bora mara nyingi kuliko kukaa na mfumo usiopata chochote, ila usimwambie mtu kwamba amepata simu mpya.

GrapheneOS

Huyu ndo mkali wa usalama na mdogo wangu alikuwa sahihi kumpenda. Shida moja tu, anakaa kwenye Pixel za Google peke yake. Sababu ni chip ya usalama iliyo ndani, na uwezo wa kufunga tena butiloda ukishamaliza kuweka mfumo, kitu ambacho kampuni nyingi haziruhusu. Kwa hiyo mlango wa kwanza unapata mlinzi wake tena.

Play Store unaweza kuiweka lakini inaishi kama apu ya kawaida, haina mamlaka juu ya simu, ukiinyima ruhusa imenyimika. Kila apu unaweza kuifungia intaneti kabisa. Hiki kitu hawakukifikiria kwa ajili ya bando, walifikiria usiri, lakini jaribu uone, ukifungia mchezo wa watoto na kibodi na tochi visiende mtandaoni, bando la siku linafika jioni. LineageOS nayo ina kitufe cha namna hiyo kwa kila apu, na sisi tunaolipa kodi ya asilimia 12 kwenye data tangu Julai 2021 hicho kitufe kina thamani ya pesa taslimu.

Kuiweka ndo rahisi kuliko zote, unafungua ukurasa wao kwenye kivinjari, unachomeka waya, unafuata vitufe, na hata kama huna laptopu unaweza kutumia simu nyingine ya Android kufanya hiyo kazi. Na muda wa kuishi ni mrefu, Pixel 6 na 7 zinapata apdeti miaka 5 tangu zilipotoka, Pixel 8 kuendelea miaka 7. Kabla ya kununua ya mtumba hesabu hiyo miaka kwanza, Pixel ya bei rahisi sana kawaida ni ile iliyobakiza miezi.

Ubuntu Touch

Canonical, kampuni ya Ubuntu, waliitangaza 2013, Aprili 2017 wakaiacha, na jumuiya ya UBports ikaichukua hadi leo. Ni nzuri kuitazama, unatelezesha kidole toka pembeni na kila kitu kiko pale, na kwenye baadhi ya simu ukiunganisha skrini na kibodi inageuka kompyuta. Naipenda kwa moyo. Lakini haina WhatsApp yake, lazima upite kwenye Waydroid ambayo inaendesha Android nzima ndani ya kisanduku, na hiyo inakula RAM (kumbukumbu ya kazi) na betri. Duka lake la apu ni dogo.

Ulaya na Marekani wanalia nayo kwa sababu nyingine ambayo kwetu ni nyepesi kidogo. Kule mitandao ya 3G imezimwa sehemu nyingi na simu za sauti zinapita 4G, kitu ambacho Ubuntu Touch kwenye simu nyingi bado haikiwezi. Hapa 2G na 3G bado zipo kwa hiyo kupiga kunawezekana. Menyu za mobile money zijaribu mwenyewe kwenye simu husika kabla ya kuitegemea. Mi namshauri mwanafunzi anayesoma kompyuta awe nayo kwenye simu ya pili, ajifunze Linux mfukoni. postmarketOS, iliyoanza 2017 juu ya Alpine Linux, naitaja tu, hiyo ni ya mtu anayetaka kutengeneza mfumo, kwenye simu nyingi hata kamera au kupiga simu bado ni kazi inayoendelea.

Pesa, benki na bando

Mobile money yetu ina baraka moja, inakaa kwenye laini. *165# ya MTN na *185# ya Airtel zinapita kwenye mtandao wa simu wenyewe, hazijui wala hazijali una mfumo gani, kwenye LineageOS, /e/OS na GrapheneOS nimezitumia zote na hazijawahi kunisumbua. Ukiwa wakala au mama wa duka unayeishi kwa hizo namba, uko salama.

Apu za benki ni hadithi nyingine. Google wana kipimo kinachoitwa Play Integrity, apu inauliza simu hii ni ya kiwandani au imebadilishwa, na benki nyingi zinauliza hilo swali. Apu ya benki yangu mimi ilikataa kabisa kwenye LineageOS, ikajifunga na ujumbe kwamba simu yangu si salama, wakati simu hiyohiyo ilikuwa imetoka kupata apdeti ya mwezi uleule. Iliniudhi na bado inaniudhi, maana simu za zamani zisizo na apdeti hata moja kwa miaka 4 inazikubali. Nimerudi kwenye menyu ya namba ya benki, inafanya kazi. GrapheneOS hapa inafanya vizuri zaidi, apu nyingi za benki zinapita, ila sio zote kwa sababu ngazi za juu za kile kipimo cha Google haizipiti. Kama mshahara wako na kazi yako vinapita kwenye apu ya benki kila siku, uliza kwanza mtu mwenye benki hiyo na mfumo huo, au bakisha simu moja ya kawaida.

Bando nalo. Apdeti ya LineageOS inakuja faili zima, gigabaiti moja na zaidi, na kwa simu nyingi inatoka kila wiki. Huna haja ya kuzichukua zote, apdeti za usalama za Android zinatoka kila mwezi kwa hiyo mara moja kwa mwezi inatosha, tafuta siku uko kwenye waifai ya ofisi au ya chuo. GrapheneOS inaleta tofauti tu kati ya toleo na toleo kama hukubaki nyuma sana, hiyo inakuwa ndogo mno. Kwa mtu wa bando la siku hapo GrapheneOS inashinda wazi.

Nilivyowaamulia watu wangu

Dada na tableti: LineageOS pamoja na MindTheGapps, sababu shule inatuma kazi kwa apu za Play. Tuliifanya mchana, betri ya laptopu imejaa, maana umeme ukikatika katikati hutaki laptopu izimike na waya umechomekwa. Kwanza tukatoa picha zote za watoto, tukakopi folda ya bekapu ya WhatsApp, kwa sababu kufungua butiloda KUNAFUTA KILA KITU. RAM yake ni gigabaiti 3 kwa hiyo haikuwa farasi, lakini haigandi tena.

Mdogo wangu: asubiri akusanye pesa ya Pixel 8 ya mtumba, kitufe akikague dukani. Bora asubiri kuliko kuchukua Pixel 6 itakayomwacha njiani.

Mzee: nilikaa naye, nikamuuliza, "Mzee, simu hii unaifanyia nini hasa?" Akasema napokea pensheni, naongea na wajukuu, nasikiliza redio. Redio ya FM ndo iliyoamua. Kwenye mifumo hii redio ya FM mara nyingi haipo au haifanyi kazi, na mzee na redio yake asubuhi huwatenganishi. Nikamwambia mzee tuiache ilivyo, nikamzimia apu za takataka, nikamwekea Organic Maps na VLC toka F-Droid, ambayo inaingia hata kwenye Android ya kawaida. Huo nao ni mwanzo mzuri kwa yeyote anayeogopa kuflashi, hauhatarishi chochote.

Jambo la mwisho kabla hujapakua faili. Jina la dukani halitoshi, angalia namba ya modeli kwenye "kuhusu simu". Tab A7 ya waifai ni SM-T500 na faili lake linaitwa gta4lwifi, ile ya laini ni SM-T505 na faili lake ni gta4l, kwa macho ni tableti moja kabisa. Ya dada ilikuwa T505 na boksi lake lilikuwa la T500, bahati tuliangalia ndani.